Mwaka wa Kukalia Mikono

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma kabisa ya jengo la kufulia, kupita mashine kubwa sita zilizozunguka asubuhi mpaka jioni kwa kelele za kupasua kichwa. Mtu mwenye masikio mazima akiingia humo siku ya kwanza hutoka ameyaziba kwa viganja. Siku ya pili huulizia kama hakuna kazi nyingine. Akivumilia mwezi, basi ameshajifunza kusema kwa mikono, maana humo mdomo haufai kitu: utapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke, na mwenzako aliye hatua mbili tu atakuuliza, "Unasemaje?"

Humo ndimo Mama Pasi alimokuwa mtu kati ya watu. Alizaliwa hasikii. Mitaani walimwita Bubu, wengine mbele ya uso wake wakidhani hajui, naye alilijua vizuri sana umbo la neno hilo kwenye midomo ya watu. Lakini ndani ya chumba cha pasi alikuwa mwalimu. Wanawake wanane waliokuwa wakinyoosha na kukunja shuka za hospitali na mahoteli walikuwa wamejifunza lugha yake kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja. Kwanza maneno ya kazi: shika, vuta, ngoja, moto. Kisha umbea, na umbea ukishaingia, lugha imekomaa. Yeye ndiye aliyemwiga msimamizi anavyotembea na tumbo lake mbele kama kabeba ndoo, wenzake wakacheka mpaka shuka zikawaponyoka. Yeye ndiye aliyejua nani kagombana na mumewe na nani kapatana naye. Mwanamke yule alikuwa na maneno hadi ya kugawa, na nalisema hili mapema kwa sababu karatasi zilizokuja kuandikwa juu yake baadaye zilisema, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba mama wa mtoto hana lugha.

Mumewe alikuwa seremala, naye hasikii. Walijuana tangu darasa la watoto viziwi, wakaja kukutana tena ukubwani, wakapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya uani. Walipata mtoto mmoja tu, wa kike, mwenye alama ndogo nyeusi chini ya jicho. Jina lake nyumbani lilikuwa ni kugusa kidole chini ya jicho, na majirani wakalitafsiri wakamwita Kidoti.

Kidoti alipofika miaka miwili, muuguzi wa kliniki alipiga kopo nyuma ya kichwa chake. Hakugeuka. Wazazi wake hawakushtuka. Walikuwa wameshaona, na mtoto alikuwa anaomba maji kwa mikono, anagoma kulala kwa mikono, anamtukana paka wa jirani kwa mikono. Aliyeshtuka ni bibi yake, mama mzazi wa Mama Pasi, aliyewasindikiza. Aliketi pale pale kwenye sakafu ya kliniki akashika tama.

"Tena?" alisema.

Mama Pasi alilisoma neno hilo midomoni mwake. Hakulisahau.

Bibi huyu alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kazi, aliyelea watoto wawili peke yake: Mama Pasi, na kaka yake anayesikia. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amejifunza ishara kumi na moja. Kula, njoo, nenda, lala, fua, mvua, haraka, na nyingine za namna hiyo, za kumtuma mtu na kumkataza. Hakuna aliyemfundisha zaidi, na jioni alikuwa anarudi amechoka hoi. Mama Pasi alipokuwa msichana alimuuliza mara nyingi habari za baba yake. Bibi alilaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho. Amelala. Yaani amekufa. Basi, maongezi yakaishia hapo.

Habari za kifaa zililetwa na Bibi. Kulikuwa na mradi: watoto viziwi wanapasuliwa nyuma ya sikio bure, wanawekewa waya ndani, na nje wanavaa kidude chenye sumaku kinachopokea sauti. Mtoto akiwahi mapema, anasikia na anasema. Seremala alikataa katakata.

"Mnataka kumtengeneza kama kiti kilichovunjika mguu," alimwambia mkewe. Mikono yake ilikuwa mikubwa na alipokasirika ilijaza chumba. "Mtoto hajavunjika. Mimi nina miaka thelathini na sita, nimekufa?"

Mama Pasi alikuwa upande wake, mpaka siku lori la maji liliporudi nyuma uani. Kidoti alikuwa amechuchumaa anapanga vizibo vya chupa, kaupa mgongo ulimwengu. Dereva akapiga honi. Majirani wakapiga kelele. Kila mwenye mdomo aliutumia, na mtoto hana hili wala lile. Mama Pasi aliona midomo ya watu ikiwa wazi, akageuka, akaruka. Alimvuta kwa mkono mmoja. Gurudumu lilipita juu ya kandambili.

Usiku ule hakulala, na asubuhi alimwambia mumewe, "Hajavunjika, najua. Lakini lori halijui." Wakaenda kujiandikisha.

Kidoti alipasuliwa akiwa na miaka minne. Siku ya kukiwasha kifaa, walijaa kwenye chumba kidogo cha kliniki: wazazi, Bibi, na mtaalamu wa matamshi, binti mpole mwenye miwani. Taa ndogo ya kijani ikawaka nyuma ya sikio. Mtaalamu akasema kitu. Kidoti akakodoa macho, akashika kichwa, akaangua kilio, na Bibi naye akaangua kilio, na mtaalamu akafuta miwani. Mama Pasi alicheka kwa furaha. Kisha akaona kwamba watu wote mle ndani wameshiriki pamoja kitu ambacho yeye na mumewe hawakukipata, kama wageni waliofika sherehe imeshaanza.

Mtaalamu alivuta karatasi, akamwandikia Mama Pasi, maana alijua kusoma.

"Kwa mwaka mmoja asizungumzishwe kwa ishara nyumbani. Akipata njia rahisi ya mikono hatataka njia ngumu ya masikio. Mikono itulie."

Mama Pasi aliisoma mara tatu. Akaandika chini yake: "Mimi nitaongea naye kwa nini?"

Mtaalamu alifikiri, akaandika: "Mkumbatie. Mchezee. Bibi ataongea."

"Nina sauti kidogo," aliandika Mama Pasi, na ili kumwonyesha akatoa neno lile moja alilofundishwa shuleni kwa mwaka mzima, ameshikwa koo na mwalimu. Alilitoa kwa bidii. Aliona uso wa mtaalamu ukijikaza usionyeshe kitu.

"Ni vizuri kwanza asikie matamshi safi," mtaalamu aliandika, na akampiga-piga begani.

Hakuwa mtu mbaya binti yule, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mbaya angetukanwa tukamalizana naye. Alikuwa anaamini, na vitabu alivyosomea viliamini, na Bibi akaamini kuliko wote. Bibi aliacha kazi ya upishi, akahamia kwenye kile chumba cha pili na sanduku lake, akawa askari wa mikono.

Mama Pasi akajifunza kukalia mikono yake, na si maneno ya mafumbo haya. Akirudi kazini alikaa kwenye kochi na kuiweka chini ya mapaja, maana ikiachwa wazi ilianza yenyewe. Kidoti akija mbio na ishara zake, "Mama, mama, paka amezaa!", Mama Pasi alikuwa na amri ya kugeuza uso. Wiki za mwanzo mtoto alimvuta kidevu amgeuze. Aliyapanda magoti yake, akaziweka ishara mbele kabisa ya macho yake, karibu kumgusa kope, akidhani labda mama haoni. Bibi alikuwa anamchukua kwa upole, anamkalisha kwake, anamwambia kwa mdomo: "Paka. Sema, paka." Baada ya mwezi wa tatu Kidoti aliacha kumvuta mama yake kidevu.

Seremala alivumilia siku nne, ya tano akamwambia mwanawe kwa mikono yote miwili kwamba amemchongea gari la mbao. Bibi akaenda kumshitaki kliniki. Mtaalamu akaandika karatasi nyingine. Tangu hapo seremala alianza kutoka kabla mtoto hajaamka na kurudi amelala. "Mimi siwezi kumtazama mwanangu kama sanamu," alimwambia mkewe. Siwezi kumlaumu, ila niseme tu kwamba siku zote kuna mmoja anayeruhusiwa kutoweza, na mwingine anabaki kwenye kochi.

Na mtoto akasema kweli. Hilo halipingiki. Mwezi wa sita alikuwa na maneno, mwezi wa nane alikuwa na sentensi, na mvua ikipiga bati alikuwa anakimbia katikati ya chumba, anasimama ametazama juu, anacheka peke yake. Bibi aliona miaka yake yote ya ukimya imelipwa. Alikuwa na maneno ya miaka zaidi ya thelathini ambayo hakuweza kumpa binti yake, na sasa wa kuyapokea amepatikana. Aliyamwaga yote. Walikaa mlangoni, mjukuu kwenye mkeka, bibi kwenye kigoda, midomo ikicheza tangu asubuhi.

Mama Pasi aliwatazama. Midomo ya Bibi aliweza kuisoma nusu, ikikaa sawasawa. Mwezi wa tisa, siku yake ya mapumziko, aliona Bibi anasimulia kitu kirefu ameinamisha kichwa, na katikati akaliona neno "baba", kisha akaona kidole cha Bibi kinaelekea kwake yeye, kwenye kochi. Kidoti akageuka akamtazama mama yake kwa macho ya huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. Mama Pasi aliinuka. Alimwuliza Bibi kwa mikono: unasema nini? Bibi alitikisa kichwa: hakuna. Akamwuliza mtoto, akavunja sheria. Mtoto akafungua mdomo akamjibu kwa maneno, vizuri sana, kwa matamshi safi.

Siku hiyo Mama Pasi aliingia chumbani akajifunika kanga usoni. Alikuwa amejipa moyo na ule mwaka mmoja, anahesabu miezi kwa chaki nyuma ya mlango. Sasa aliona kwamba mwaka ukiisha atamkuta mtu mwingine.

Mwezi wa kumi, Bibi akaitwa kwa mwanawe, kaka yake Mama Pasi, aliyekaa mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Mkewe alikuwa anaumwa. Bibi aliondoka Ijumaa, na Jumamosi Mama Pasi alikuwa na zamu. Seremala alikuwa kwenye kazi ya kupaua mbali. Mama Pasi alimchukua mtoto akaenda naye kazini.

Alijua anachokifanya. Asijifiche mtu nyuma ya zamu. Angeweza kumwacha kwa jirani. Lakini alijiambia: nyumbani ndiko kwenye sheria, karatasi ilisema nyumbani. Na chumba cha pasi kilikuwa ndicho mahali pekee duniani ambapo watu wazima wanane, wanaosikia, wangemsalimia mwanawe kwa lugha ya mama yake.

Wakamsalimia. Walimzunguka, wakamgusia vidole chini ya macho yao, wakamwita jina lake. Kidoti alisimama kapigwa butwaa. Alijaribu mdomo wake, na kwa mara ya kwanza mdomo haukumsaidia. Kelele za mashine zilimeza kila kitu. Alitazama mikono ile inayoruka juu ya shuka, moja inauliza sabuni iko wapi, nyingine inamsema msimamizi. Akasogea kwenye pasi kubwa ya mvuke. Mama yake akampigia ishara: moto.

Kidoti akairudia. Moto. Kisha, polepole, kama anayepapasa gizani: "Mama, moto. Mama, maji. Mama, paka amezaa."

Amezaa! Paka yule alikuwa amezaa miezi tisa nyuma, na watoto wake wameshakuwa majizi ya mtaa mzima. Mama Pasi alipiga magoti kwenye sakafu iliyolowa akamwambia, "Niambie. Wangapi? Wa rangi gani?" Walizungumza. Saa tatu, saa nne, mvuke ukifuka juu ya vichwa vyao kila pasi ilipofunguliwa, wanawake wengine wakifanya kazi yake na kufuta machozi kwa foronya za watu. Alizungumza mwanamke yule mpaka vidole vikamuuma.

Karibu na saa sita Kidoti akaanza kujipiga sikioni. Taa ya kijani ilikuwa imezimika. Mama Pasi alibadilisha betri kama alivyofundishwa. Haikuwaka. Alifuta kifaa kwa shuka safi, akakipuliza, akabadilisha betri ya pili. Karatasi ya kliniki ilisema asioge nacho, asinyeshewe nacho. Haikusema mvuke. Nani angeandika mvuke? Walioandika hawakuwa na sababu ya kufikiria mtoto ambaye mama yake anaongea mahali pamoja tu, na mahali penyewe pana mvuke.

Jumatatu mtaalamu alikifungua kwa bisibisi ndogo. Ndani kulikuwa na kutu na matone. Aliandika: "Mlikuwa wapi?"

Mama Pasi angeweza kusingizia mvua. Aliandika kweli yote.

Mtaalamu alisoma, kisha akamsomea kwa sauti Bibi, aliyekuwa amerudi mbio na basi la alfajiri. Bibi hakumpigia kelele binti yake. Alikaa tu, ametazama ukuta, machozi yanamshuka. Jibu la mradi lilikuja baada ya wiki: kitaletwa kingine, baada ya miezi minne, na hicho ndicho cha mwisho. Atakapokivaa, mtoto aishi kwenye nyumba ya watu wanaosema muda wote, kwa miaka mitatu angalau, kwa kuwa kila mwezi bila sauti katika umri huu haurudi. Kwa mjomba wake kulikuwa na watoto watatu waropokaji na shule karibu. Bibi angehamia huko naye. Mama aweke sahihi kwamba amekubali, na mlezi mkuu si yeye. Asipoweka, kifaa atapewa mtoto mwingine, na foleni ni ndefu.

Miezi minne ile, sijui niieleze vipi. Wiki mbili za kwanza Kidoti alipiga mayowe. Alimfungua Bibi mdomo kwa vidole, akachungulia ndani, kama sauti imekwama humo. Kisha, kwa kuwa mtoto hawezi kukaa bila watu, mikono yake ikarudi. Ilirudi upesi kuliko ilivyoondoka. Seremala akaanza kuja nyumbani mapema. Walikaa watatu chini wanazungumza mpaka chakula kinapoa, na Bibi yuko mlangoni kwenye kigoda, kajiinamia, hana wa kumwambia kitu, na ishara zake kumi na moja. Mama Pasi alikuwa na furaha. Aliona aibu kuwa nayo, alijiona mwizi, lakini alikuwa nayo.

Mchana mmoja, wanakunja nguo, akauliza alichokuwa anakingoja.

"Bibi alikuwa anakusimulia hadithi gani?"

"Nyingi," alisema Kidoti. "Ya sungura. Ya mwizi wa kuku. Ya babu."

"Babu alifanyaje?"

"Alipiga sufuria." Kidoti akaonyesha, kwa kijiko cha hewani. "Nyuma ya mtoto. Mtoto hakugeuka. Akapiga tena. Mtoto hakugeuka. Babu akachukua begi."

"Mtoto gani?"

Kidoti akacheka kwa kuona mama mzima hajui. "Wewe."

Mama Pasi aliendelea kukunja shati lile lile. "Halafu akafa?"

"Hapana. Yupo mbali. Ana watoto wengine. Wanasikia."

Alilimaliza shati, akaliweka juu ya mengine. Kisha akachukua sufuria na kijiko jikoni, akaenda akasimama mbele ya Bibi. Alifanya ishara ya baba. Bibi, kwa mazoea, akalaza shavu kwenye kiganja. Mama Pasi akatikisa kichwa. Akaipeleka sufuria nyuma ya kisogo chake mwenyewe, akaigonga mara tatu. Akaiweka chini, akaonyesha mtu anayebeba begi na kuondoka.

Bibi alifunika uso. Alipoufunua alisema polepole, kwa midomo iliyokaa sawasawa ili isomeke: "Sikutaka uumie."

Akajigonga kifuani, akaonyesha chini, pale pale alipokuwa amekaa. "Yeye aliondoka. Mimi nilibaki."

Ni kweli alibaki. Alibaki akapika masufuria ya shule mpaka mgongo ukapinda. Mama Pasi alimwambia kwa mikono, taratibu, "Ulibaki, lakini hujawahi kuniambia kitu. Miaka yote hii nimeishi nawe kama mpangaji." Bibi akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea kuitikia asipoelewa.

Ungedhani baada ya hapo angekataa kuweka sahihi. Hata yeye alidhani. Mumewe alimwambia, "Ukiweka sikulaumu. Usipoweka sikulaumu. Mimi kalamu siishiki." Kaachiwa peke yake. Na asubuhi baada ya asubuhi Kidoti alikuwa anachukua kile kifaa kibovu, anakipachika nyuma ya sikio, anakaa mlangoni anasubiri. Mvua ilipopiga bati alikimbia katikati ya chumba, akasimama ametazama juu kama zamani. Akasubiri. Akamgeukia mama yake.

"Sikio langu linakuja lini?"

Kila siku swali hilo. Mama Pasi alikuwa tayari kupigana na mtaalamu, na mradi, na mama yake, na huyo baba aliyebeba begi. Na mtoto hakupigana nao. Mtoto alitaka mvua yake.

Akaweka sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule.

Siku yenyewe mjomba alikuwa nje na gari, sanduku la Bibi limeshapakiwa pamoja na mfuko wa nguo za Kidoti, zimepigwa pasi moja moja mpaka soksi. Seremala alibaki kwenye karakana yake. Mle kliniki mtaalamu alifungua boksi jipya, akaunganisha waya kwenye kompyuta, na kwa wema wake akampa Mama Pasi kifaa amvalishe mwenyewe mwanawe. Mama Pasi alimpachikia nyuma ya sikio, akaigusisha sumaku ikashika. Akapiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno kwa siku tatu.

"Utakaa kwa mjomba," alimwambia. "Kuna watoto wa kucheza nao. Mimi sikuachi. Mimi naenda kazini, ninapanga zamu zangu, halafu ninakuja. Usiwe unalia. Kila wiki ninakuja, siku ya..."

Taa ya kijani ikawaka. Nyuma, mlangoni, Bibi alimwita mjukuu wake kwa jina, na Kidoti akageuka, uso wote umefunguka.

Mama Pasi hakuwa amemaliza. Alikuwa bado hajataja siku. Akaitaja, Jumamosi, akaitaja tena, vidole vyake vikisema na kisogo cha mtoto.